Kati ya Kitanda na Kitanda: Mwongozo wa Kulinda Afya ya Akili kwa Wahudumu wa Idara ya Dharura

Muuguzi anatoka kwenye chumba ambamo mtoto amefariki dunia baada ya dakika 40 za kukandamizwa kifua. Ananawa mikono, anavua aproni, anavuta pazia la kitanda kinachofuata, na mgonjwa aliyeteguka kifundo cha mguu anamwuliza kwa hasira kwa nini ameachwa angoje saa 3 bila kuangaliwa. Muuguzi anaomba radhi, kisha anaanza kumhudumia. Wengi wanaozungumzia msongo wa mawazo katika idara ya dharura hukitazama kile kifo, na ni haki kukitazama. Mwongozo huu, hata hivyo, unalitazama zaidi lile pazia, yaani zile hatua chache za kutoka kitanda kimoja hadi kingine, ambazo ndani yake hapakuwa na nafasi hata ya kushusha pumzi.

Kazi ya dharura haiwezi kuondolewa vifo, kelele, wala haraka. Kinachoweza kupangwa ni nafasi iliyopo baina ya jambo moja na jingine: dakika moja kati ya wagonjwa wawili, dakika 10 baada ya tukio zito, saa za kulala kati ya zamu na zamu, siku za kupumzika baada ya mfululizo wa zamu za usiku. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuanzia nafasi ndogo kwenda kubwa. Zinamhusu daktari na muuguzi, lakini pia mpokezi wa mlangoni, mlinzi, mhudumu wa ambulensi na mfanya usafi, ambao kwa kawaida hawaitwi kwenye vikao vya namna hii ingawa ndio wanaotukanwa kwanza na ndio wanaofuta damu sakafuni. Hatua ya mwisho ni ya wenye mamlaka ya kupanga zamu, na aliye na mamlaka hayo ni afadhali aanze kusoma kutoka huko.

Hatua ya 1: Tambua ni mzigo wa aina gani

Neno "msongo" hubebeshwa mambo manne yasiyofanana, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

La kwanza ni mshtuko wa mwili wa muda mfupi. Adrenalini hupanda, moyo hudunda, viganja hutoka jasho, na macho huona kile kilicho mbele tu. Kwa kiasi fulani hali hii humfanya mtu awe mwepesi; ikizidi, mtu hushindwa kufungua kichupa cha dawa ambacho amekwishakifungua mara mia. Huo si ugonjwa, na hupungua wenyewe mwili unapopata ishara kwamba hatari imepita. Tatizo la idara ya dharura ni kwamba ishara hiyo mara nyingi haiji, kwa kuwa ambulensi nyingine imekwishafika.

La pili ni uchovu wa kazi uliokithiri. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliueleza mwaka 1974, na Christina Maslach pamoja na Susan Jackson walitoa mwaka 1981 kipimo ambacho bado kinatumika sana, kinachoangalia sura zake tatu: kukaukiwa na hisia, kuwaona wagonjwa kama vitu badala ya watu, na kuhisi kwamba kazi yako haina faida tena. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeuweka uchovu huu miongoni mwa hali zinazotokana na kazi, si miongoni mwa magonjwa, na limeueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Maelezo hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana: yanaielekeza lawama kwenye mpangilio wa kazi kabla ya kumfikia mfanyakazi.

La tatu ni kiwewe. Hapa picha au sauti ya tukio hujirudia bila kuitwa, mtu huanza kukwepa chumba fulani au aina fulani ya wagonjwa, hulala kwa kushtukashtuka na huwa mwepesi wa kukasirika. Katika siku na wiki za mwanzo dalili hizi huwapata watu wengi na kwa walio wengi hufifia. Zikidumu zaidi ya mwezi 1 na kuharibu maisha ya kila siku, huenda ni ugonjwa wenye tiba inayojulikana, na haupaswi kusubiriwa uondoke wenyewe.

La nne hutajwa kidogo kuliko yote, nalo ni maumivu ya dhamiri. Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton, akiandika kuhusu wauguzi, alieleza hali ya mtu anayejua jambo lililo sahihi lakini akazuiwa kulitenda na mazingira ya taasisi yake. Mgonjwa mzee amelala kwenye kitanda cha magurudumu ukumbini usiku kucha kwa sababu wodi zimejaa. Mhudumu anajua kwamba si sawa, anampita mara 20, na kila anapompita kitu fulani ndani yake huchubuka. Mazoezi ya kupumua hayaponyi mchubuko huo.

Njia nyepesi ya kutambua mzigo wako ni kuandika mstari mmoja tu mwishoni mwa kila zamu, kwa wiki 2, ukijibu swali hili: leo nimechoshwa zaidi na nini, mwili, watu, picha, au dhamiri? Ikiwa jibu linalojirudia ni mwili, anza na hatua ya 5 inayohusu usingizi. Ikiwa ni watu, hatua ya 2 na ya 7 zitakusaidia, lakini huenda unahitaji pia likizo au kuhamishwa sehemu ya kazi kwa muda. Ikiwa ni picha, soma hatua ya 3 na ya 8. Ikiwa ni dhamiri, usibaki nayo peke yako. Ipeleke kwenye kikao cha idara, kwa maandishi, kama tatizo la utaratibu.

Hatua ya 2: Dakika moja ya kunawa mikono

Mhudumu wa dharura hunawa mikono mara nyingi kwa zamu moja, na taratibu za usafi zinamtaka atumie kati ya sekunde 40 na 60 anaponawa kwa sabuni na maji. Muda huo tayari upo, tayari umeruhusiwa, na hakuna msimamizi atakayekuuliza unafanya nini. Utumie hivi.

Maji yanapoanza kutiririka, shusha mabega. Yaliyo mengi huwa yamepanda hadi karibu na masikio bila mwenyewe kujua. Vuta pumzi kwa pua, taratibu, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Kuitoa polepole ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Rudia mara tatu au nne. Kisha jiambie kimoyomoyo ulichotoka kufanya na unachoenda kufanya, kwa maneno ya kawaida: "Nimemaliza na yule mama. Sasa naenda kwa kijana wa kifua." Hilo linaweza kuonekana jambo la kitoto. Kazi yake ni kuifunga kumbukumbu ya kazi ya kwanza kabla ya kufungua ya pili, na faida yake haiishii kwenye hisia tu: anayeingia kwa mgonjwa wa pili akiwa bado na akili ya mgonjwa wa kwanza ndiye anayekosea dozi.

Ikiwa huwezi kupata hata dakika hiyo kwa zamu nzima, tatizo si wewe, na taarifa hiyo ina manufaa kwa anayepanga idadi ya wahudumu. Ihifadhi kwa ajili ya hatua ya 9.

Hatua ya 3: Baada ya kifo au tukio zito

Kuna mambo mawili ya kufanya, nayo yasichanganywe.

La kwanza ni kimya. Jonathan Bartels, muuguzi wa dharura katika Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani, ndiye aliyeanzisha desturi ambayo imeigwa na hospitali nyingi: mara tu daktari anapotangaza kwamba juhudi zimesitishwa, mtu mmoja miongoni mwa waliopo anaomba wote wasimame kimya, kila mmoja akimheshimu marehemu kwa namna yake, kwa muda usiozidi dakika moja. Hakuna sala ya pamoja inayolazimishwa na hakuna hotuba. Anayeomba kimya hicho anaweza kusema: "Huyu alikuwa hai na alipendwa na watu wake. Tusimame kidogo kwa ajili yake, na kwa ajili ya kazi tuliyoifanya." Mfanya usafi aliyesimama mlangoni na ndoo yake anahusika sawasawa na daktari bingwa.

La pili ni mazungumzo mafupi ya timu, yafanyike kabla watu hawajatawanyika, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, na yasivuke dakika 10. Kiongozi wa zamu aanze kwa kuhakikisha kwamba wagonjwa wengine wana mtu wa kuwaangalia, kisha aeleze kwamba kuzungumza ni hiari. Aeleze kwa sentensi mbili au tatu kilichotokea, ili kila mtu awe na picha moja ya tukio; mtu aliyekuwa akitafuta damu kwenye benki ya damu hajui kilichotokea kitandani, na pengo hilo ndilo analolijaza kwa kujilaumu. Aulize kilichokwenda vizuri. Aulize kilichokwamisha, akiuliza kuhusu vifaa na utaratibu badala ya majina: mashine ya kufyonza ilichelewa kwa sababu gani, dawa haikuwa kwenye kitoroli kwa nini. Amteue mtu mmoja wa kufuatilia jambo lililotajwa. Mwisho aulize swali ambalo viongozi wengi hulikwepa, "Kuna anayehitaji dakika chache kabla ya kurudi kazini?" na akae kimya kwa muda wa kutosha ili mtu apate ujasiri wa kujibu. Swali likiulizwa huku muulizaji akielekea mlangoni, kila mtu atasema yuko salama.

Panahitajika tahadhari hapa. Kwa miaka mingi palikuwa na desturi ya kuwakusanya watu waliopitia tukio la kutisha katika kikao kimoja kirefu na kuwataka wasimulie kila walichoona na kuhisi, kwa imani kwamba kutoa yaliyo moyoni mapema huzuia kiwewe. Tafiti zilipolinganishwa, kikao cha namna hiyo hakikuonyesha kuzuia ugonjwa, na kwa baadhi ya watu kilionekana kuongeza madhara. Ndiyo maana miongozo ya tiba, ukiwemo ule wa Uingereza wa mwaka 2018, haikipendekezi. Kwa hiyo usimlazimishe mtu kusimulia. Mazungumzo ya dakika 10 yaliyoelezwa hapo juu ni ya kuunganisha habari na kuangaliana hali. Si tiba, na asiye na ujuzi asiyageuze kuwa tiba.

Hatua ya 4: Namna ya kuondoka kazini

Zamu haimalizwi na saa ya ukutani. Anayetoka bila kukabidhi vizuri huondoka na wagonjwa wake kichwani, kisha anapiga simu usiku kuuliza kama yule wa kitanda cha sita alipewa dawa. Kabidhi kwa maandishi na kwa mdomo, mgonjwa kwa mgonjwa, ukitaja lililobaki kufanywa, na umalize kwa kusema wazi, "Hawa sasa ni wako." Neno hilo linamfaa anayepokea, lakini linamfaa zaidi anayetoka.

Vua sare kabla ya kuondoka ikiwa inawezekana, na chagua alama moja ya njiani ambayo ukiipita unaacha kufikiria kazi: geti, mti, kituo cha basi. Akili ya binadamu hupenda mipaka inayoonekana. Nyumbani, mwambie mwenza au ndugu unayeishi naye jinsi ya kukupokea, kwani wengi hawajui na hukisia vibaya. "Nikirudi nipe nusu saa ya kukaa kimya, kisha nitakuwa nanyi" ni ombi linaloeleweka. Huhitaji kuwasimulia uliyoyaona, na siri za wagonjwa zinakukataza mengi yake, lakini unaweza kusema kwamba siku ilikuwa nzito bila kutoa habari za mtu yeyote.

Pombe ni njia ya haraka ya kuzima kelele za zamu, na ndiyo sababu ni hatari: humlaza mtu upesi lakini huukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku, akaamka na uchovu uleule aliolala nao.

Hatua ya 5: Usingizi, hasa wa zamu ya usiku

Sehemu hii ni ndefu kwa makusudi. Mhudumu aliyelala vya kutosha huweza kubeba mengi. Aliyekosa usingizi hulia kwa sababu kalamu imepotea.

Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha utafiti uliolinganisha kukesha na ulevi. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya majaribio ya kushirikisha jicho na mkono vibaya kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Baada ya saa 24 hali ilifanana na asilimia 0.10. Hakuna hospitali inayomruhusu daktari mlevi kushona jeraha, lakini nyingi humpongeza aliyefanya zamu mbili mfululizo.

Kabla ya usiku wa kwanza, lala alasiri, hata kama ni saa moja na nusu tu. Kazini, kama utaratibu unaruhusu, pata usingizi mfupi wa dakika 20 hadi 30. Ukizidi hapo unaingia kwenye usingizi mzito na kuamka ukiwa umepumbaa, hivyo jipe dakika 15 hivi kabla ya kumgusa mgonjwa. Saa za hatari zaidi ni kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri, wakati saa ya mwili inapodai usingizi kwa nguvu kuliko wakati wowote. Kazi zinazohitaji hesabu, kama kupima dozi ya mtoto, zihakikiwe na watu wawili katika saa hizo, hata kama mchana mmoja anatosha.

Kahawa na chai zinywewe mwanzoni mwa zamu na katikati, zisinywewe mwishoni. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 10 alfajiri bado kimo kichwani unapotafuta usingizi saa 3 asubuhi. Ukitoka, vaa miwani ya jua ikiwa mwanga ni mkali, kwani mwanga wa asubuhi huuambia ubongo kwamba siku imeanza. Chumba kiwe na giza na ubaridi, simu iwe mbali, na wa nyumbani wajue kwamba kukuamsha saa 6 mchana ni sawa na kumwamsha mwingine saa 6 usiku. Usiendeshe gari ukisinzia. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuzuii usingizi wa ghafla. Kinachosaidia ni kulala kidogo kabla ya kuondoka, au kuendeshwa na mwingine.

Dawa za usingizi zisichukuliwe kwenye kabati la idara wala kwa mwenzako. Wahudumu wa afya huzijua dawa, na ujuzi huo huwafanya wajione salama kutokana nazo.

Hatua ya 6: Ukikosea

Mapema au baadaye utakosea, na huenda kosa likamdhuru mtu. Mwaka 2000 daktari Albert Wu aliandika kwamba baada ya kosa la kitabibu mgonjwa ndiye mwathirika wa kwanza, na mhudumu aliyekosea huwa mwathirika wa pili. Ndugu wa wagonjwa waliodhuriwa wamelipinga neno hilo, kwa hoja kwamba linampunguzia mhudumu uwajibikaji, na hoja yao ina uzito. Lakini hali yenyewe ipo: mtu hulirudia tukio kichwani, hupoteza imani na mikono yake, huanza kuagiza vipimo visivyohitajika, na wengine huacha kazi.

Fanya mambo haya kwa mpangilio huu. Hakikisha mgonjwa yuko salama. Mjulishe kiongozi wako mara moja. Andika kwenye faili kilichotokea, bila kupamba na bila kufuta. Mgonjwa au ndugu zake waambiwe ukweli na mtu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, nawe uwepo ikiwa inafaa. Kisha omba kupumzishwa kwa sehemu iliyobaki ya zamu, au angalau usipewe mgonjwa mahututi anayefuata. Ndani ya siku 3 ongea na mwenzako mmoja mwenye uzoefu. Usimtafute atakayekuambia kwamba hukukosea. Mtafute aliyewahi kukosea na bado yuko kazini.

Hatua ya 7: Ukitukanwa au kupigwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa au kufanyiwa ukatili wa mwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi, na idara ya dharura imo miongoni mwa sehemu zinazoathirika zaidi. Ondoka eneo la hatari, ita usaidizi, tibiwa jeraha hata kama ni dogo, na toa taarifa kwa maandishi kila mara, hata mgonjwa akiwa amechanganyikiwa kwa homa au sukari kushuka. Kumwelewa aliyekupiga na kuripoti kwamba umepigwa ni mambo mawili yanayoweza kukaa pamoja. Mkuu wa idara asimwulize aliyeumizwa, "Ulimwambia nini?" kabla ya kumwuliza, "Umeumia wapi?"

Hatua ya 8: Mtazame mwenzako, na ujue wakati wa kumpeleka kwa mtaalamu

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 umejengwa juu ya vitendo vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Uliandikwa kwa ajili ya watu waliokumbwa na majanga, lakini unafaa hata kwa aliyesimama nawe zamu moja.

Kutazama ni kuona mabadiliko. Mwenzako aliyekuwa na utani amenyamaza, au aliyekuwa mpole sasa anawadhihaki wagonjwa. Anachelewa, anajitolea kwa zamu zote za ziada, hali chakula chake, ananuka pombe. Kujitolea kupita kiasi husifiwa mno, kwa hiyo huficha mengi. Kusikiliza huanza na jambo uliloliona, si na uchunguzi wa jumla. Ukimwuliza mtu "Hujambo?" atajibu "Sijambo," kwa kuwa ndivyo lugha inavyomfundisha kujibu. Mwambie badala yake, "Tangu ile ajali ya juzi nimeona hukai tena nasi wakati wa chai. Ninakufikiria." Kisha nyamaza. Usimwambie kwamba wengine wana hali mbaya zaidi, wala usikimbilie ushauri. Kuunganisha ni kumsindikiza hatua moja mbele: kumtafutia mtu wa kubadilishana naye zamu, kumpa namba ya mshauri nasaha wa wafanyakazi, kwenda naye hadi mlangoni.

Ikiwa unahofia kwamba anafikiria kujidhuru, muulize waziwazi: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, mara nyingi humpa nafuu ya kulitamka. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, mwondolee jukumu la kushika funguo za dawa, na mfikishe kwa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo, kama ambavyo ungefanya kwa mwenye maumivu ya kifua.

Kwa wewe mwenyewe, nenda kwa mtaalamu ikiwa dalili za kiwewe zimepita mwezi 1, ikiwa huzuni au kukosa hamu ya mambo kumedumu wiki 2 karibu kila siku, ikiwa unahitaji pombe au dawa ili ulale au ufike kazini, au ikiwa wazo la kutokuwepo duniani limekupitia. Kwa hili la mwisho usingoje siku nyingine. Kiwewe kinatibika kwa tiba ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe, na sonona ina tiba za mazungumzo na za dawa.

Kinachowazuia wengi ni hofu ya kazi. Mwezi Aprili 2020 daktari Lorna Breen, aliyeongoza idara ya dharura ya hospitali moja ya New York, alijiua baada ya wiki za kuwahudumia wagonjwa wa UVIKO-19 na kuugua yeye mwenyewe. Familia yake ilieleza kwamba alihofia kupoteza leseni kwa kuwa alipata matibabu ya afya ya akili. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake ya kugharamia programu za kulinda afya ya akili ya wahudumu wa afya. Kabla hujaamini kwamba ukitibiwa utafukuzwa, uliza kwa chama chako cha kitaaluma fomu za leseni zinauliza nini hasa.

Hatua ya 9: Kwa wanaopanga zamu na kuongoza idara

Usianze na semina ya ustahimilivu. Kumfundisha kupumua mtu ambaye hajapata muda wa kwenda msalani tangu asubuhi ni kumwongezea kazi. Anza na ratiba.

Zamu zizunguke kwa kwenda mbele, yaani asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, kwa sababu mwili hukubali kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi. Pawe na angalau saa 11 mfululizo za kupumzika kati ya zamu mbili. Kiwango hicho kimo katika agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu saa za kazi la mwaka 2003, na kinaweza kutumiwa kama kipimo hata pasipo na sheria ya aina hiyo. Zamu za usiku zinazofuatana zisiwe nyingi, na siku ya kutoka usiku isihesabiwe kuwa siku ya mapumziko, maana mtu huitumia kulala. Ratiba itoke mapema kiasi cha kumwezesha mtu kupanga harusi ya ndugu yake.

Mapumziko yapewe jina la mtu. Palipoandikwa "wahudumu wapumzike inapowezekana," hawapumziki. Palipoandikwa kwamba saa 8 mchana fulani anampokea fulani kwa dakika 30, wengi hupumzika. Chumba cha kupumzikia kiwe na mlango unaofungwa, maji, na mahali pa kunyoosha miguu, na kiwe mbali kidogo na kengele za mashine. Kiongozi apumzike kwanza, mbele ya macho ya wote, kwani vijana huiga wanachokiona.

Wapya wapewe mwenzi wa zamu kwa miezi ya mwanzo, na kifo chao cha kwanza kazini kisipite bila mtu kuzungumza nao. Baada ya tukio zito, kiongozi amtafute kila aliyehusika mara mbili: kesho yake, kisha baada ya mwezi 1. Simu ya kesho yake hupigwa na wengi. Ile ya baada ya mwezi husahauliwa, na ndiyo inayoonyesha nani dalili zake zimegoma kuondoka. Iandikwe kwenye kalenda siku ileile ya tukio.

Mwisho, pima mambo machache kila mwezi: mapumziko mangapi yalikosekana, wangapi walifanya kazi chini ya saa 11 tangu zamu iliyopita, wagonjwa wangapi walilala ukumbini kwa kukosa kitanda wodini, matukio mangapi ya vurugu yaliripotiwa. Taarifa za vurugu zikipanda mara baada ya kuhimiza watu waripoti, usihofu. Huenda ni mara ya kwanza unahesabu kilichokuwepo siku zote. Hesabu hizo zibandikwe kwenye chumba cha wafanyakazi, pamoja na jina la anayeshughulikia kila moja na tarehe ya kutoa majibu.